Kutafuta Viota vya Kirukanjia kwa Mbali: Shajara ya Mradi, Miombo ya Lubumbashi

Mei

Kikundi chetu kidogo cha hapa Lubumbashi kimekubaliana kutumia kiangazi chote pamoja na mwanzo wa mvua kujibu swali moja: je, inawezekana kuthibitisha kwamba ndege anayetaga chini ana kiota, na kukifuatilia mpaka makinda yaondoke, bila mtu yeyote kukifikia kwa miguu? Ndege tuliyemchagua ni kirukanjia, yule ndege wa usiku mwenye rangi ya majani makavu, anayefahamika na madereva kwa sababu hukaa barabarani gizani na kuruka ghafla mbele ya taa za gari. Katika miombo yetu wako wa aina zaidi ya moja, lakini anayesikika zaidi ni yule ambaye wataalamu humwita Caprimulgus pectoralis, na kazi yetu inamhusu yeye.

Tumemchagua kwa sababu hajengi chochote. Jike hutaga mayai mawili juu ya majani yaliyodondoka, bila hata kijiti kimoja cha kuyazuia, kisha huyaatamia akitegemea rangi ya manyoya yake tu. Haruki mpaka mguu umkaribie kabisa, na akisharuka, mayai hubaki wazi. Njia ya zamani ya kumtafuta ni watu kujipanga mstari na kupita msituni wakipiga majani kwa fimbo au wakiburuta kamba, hadi ndege aruke. Njia hiyo huleta matokeo, sitaki kuidharau, ila humtoa ndege kwenye mayai kila mara inapofanikiwa, huacha kijia cha majani yaliyokanyagwa kinachoelekea kwenye mayai hayohayo, na mara nyingine mguu hutangulia jicho. Msitu wa kandokando ya mji hauna upweke: mbwa, watoto, waokota kuni na wachoma makala, yaani mkaa, wote hupita, na kijia kikishafunguka hakikosi wa kukifuata.

Wenzetu wawili walipendekeza droni tangu kikao cha kwanza, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa huko Wales watafiti wamekwisha kufunga kamera ya joto kwenye droni ili kutafuta viota vya kirukanjia wa Ulaya katika maeneo yaliyokatwa miti. Mwaka 2015, watafiti waliofanya majaribio Ufaransa kwa bata, heroe na ndege wengine wa majini waliripoti kwamba katika asilimia 80 ya majaribio droni iliweza kuwafikia ndege hadi umbali wa mita 4 bila wao kuonyesha dalili ya kushtuka, na kwamba kilichowasumbua zaidi ni droni kuwashukia wima kutoka juu. Kwa upande wa pili lipo tukio la mwaka 2021 katika hifadhi ya Bolsa Chica, California, ambako droni iliyoanguka katikati ya kundi la membe iliwafanya ndege hao kuhama kwa wingi, na takriban mayai 1,500 yakaachwa mchangani. Kwetu sisi, hata hivyo, kilichoamua ni miti yenyewe. Kamera ya joto haipenyi majani. Inaona uso wa jani lililo karibu zaidi na lenzi, na kiota cha kirukanjia mara nyingi kiko chini ya matawi. Msitu uliokatwa hauna dari ya matawi, miombo inayo. Isitoshe, droni huhitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya vyombo vya usalama, na ikisikika juu ya vichwa vya watu hapa kwetu huleta maswali kabla haijaleta picha. Tumeiweka kando.

Jambo la mwisho la mwezi huu: sitataja msitu ulipo zaidi ya kusema kwamba uko upande wa barabara ya Kasenga. Tumeafikiana kwamba hakuna ramani wala nambari za GPS zitakazotoka nje ya kikundi. Kazi ya kuwaepusha ndege na nyayo zetu haitakuwa na maana ikiwa tutawaonyesha watu wengine njia.

Juni

Vifaa vimekamilika, kwa kuchelewa, baada ya kifurushi kimoja kukaa forodhani zaidi kuliko tulivyotarajia. Tunavyo vinasa sauti vinne vya aina ya AudioMoth, vilivyobuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford vya Uingereza. Ni vibao vidogo vinavyoenea kiganjani, vinatumia betri tatu ndogo za kawaida na kadi ya kumbukumbu ya simu. Tunayo pia kamera moja ya joto ya kushika mkononi, stendi ya miguu mitatu, kipima umbali cha leza, dira na darubini za kawaida.

Kabla ya kuingia msituni tulikaa na kamera hiyo mezani tukafanya hesabu, kwa sababu wauzaji husifu umbali ambao kamera inaweza kumwona mtu au ng'ombe, na kirukanjia ni ndege wa gramu 50 hivi, mwenye urefu usiozidi sentimita 25. Kihisio cha kamera yetu kina pikseli 384 kwa 288, kila pikseli ina upana wa mikromita 12, na lenzi ni ya milimita 35. Ukigawa 12 kwa 35,000 unapata pembe ambayo pikseli moja inaiona: katika umbali wa mita 30 pikseli hiyo hufunika takriban sentimita 1, katika mita 50 sentimita 1.7, na katika mita 100 sentimita 3.4. Maana yake ni kwamba kwenye mita 100 kirukanjia aliyekaa huwa nukta chache tu zenye joto, zisizo na umbo, ilhali kwenye mita 30 mtu anaweza kutofautisha kichwa na mgongo. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyotupatia umbali wa kazi. Kutafuta kutafanyika kutoka mita 60 hadi 80. Kuangalia kwa makini kutafanyika kutoka mita 30. Karibu zaidi ya hapo hakuna anayeruhusiwa kwenda.

Tumejifunza pia kwamba kioo cha gari huizuia kamera kabisa. Kioo kinachopitisha mwanga kwa macho yetu ni ukuta kwa mionzi ya joto, na ukilenga dirisha unaona sura yako mwenyewe. Ikiwa tutatumia gari kama maficho, dirisha lazima lishushwe, na baridi ya Juni ituingie.

Julai

Huu ni mwezi wa mazoezi, kwa sababu kirukanjia hajaanza kutaga. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo ni rafiki wa kamera: kila chenye uhai hujitokeza. Tumewaona panya, sungura, ndege waliolala matawini wakiwa wamejikunyata, na ng'ombe mmoja aliyepotea. Tumeona pia kwamba ndege si taa kama tulivyodhania kutokana na picha za wauzaji. Manyoya ni blanketi. Huzuia joto lisitoke, ndiyo kazi yake, kwa hiyo mgongo wa ndege aliyelala huwa na joto kidogo tu kuliko majani yanayomzunguka. Kinachong'aa ni jicho na ngozi inayolizunguka. Anayetafuta ndege kwa kamera ya joto atafute nukta ndogo kali iliyo pembeni ya doa hafifu, na si doa kubwa linalong'aa.

Madoa makubwa yanayong'aa hapa kwetu ni vichuguu. Miombo ya Katanga ina vichuguu vya Macrotermes vinavyopita urefu wa nyumba, na ndani yake mchwa hulitunza joto karibu na nyuzi 30 usiku kucha. Alfajiri, majani na mawe yote yakishapoa, kilele cha kichuguu bado kina joto, na mianya midogo ya ubavuni hutoa hewa vuguvugu ambayo kwenye kioo cha kamera huonekana kama nukta, nyingine zenye ukubwa uleule wa ndege. Tumeanza kuchora vichuguu vyote vya eneo letu katika daftari, kila kimoja na nukta zake, ili Septemba ikifika tujue ni ipi ilikuwapo kabla ya ndege. Kazi hii inachosha na haina sifa yoyote, lakini naiona ndiyo yenye faida kuliko zote tulizofanya mpaka sasa.

Usiku mmoja mzee mmoja mchoma makala, ambaye tanuru lake liko mpakani mwa eneo, alitukuta tumesimamisha stendi. Alitazama kwenye kioo cha kamera, akaona tanuru lake liking'aa kupitia mianya ya miti, akauliza kwa upole, "Bana yangu, hiyo kamera inaona hata moto wa makala?" Tukamjibu, "Inaona, Papa." Akanyamaza. Tulielewa mara moja alichokuwa anakiwaza, na hatukukichukulia kama jambo dogo: chombo kinachomwona ndege kutoka mbali humwona pia mtu, tena mtu ambaye kazi yake inaweza kumletea matatizo na wakubwa. Tulikaa naye, tukamweleza kwamba kamera haitaelekezwa upande wa matanuru, kwamba picha zenye watu hufutwa papo hapo mbele ya shahidi wa pili, na kwamba hatupeleki taarifa zozote kwa yeyote kuhusu makala. Aliporudi siku nyingine alituonyesha kwa kidole sehemu tatu ambako, kwa maelezo yake, "ule ndege wa kulala chini" humsumbua kila mwaka wakati wa kukusanya kuni. Sehemu hizo tatu tumezitia kwenye ramani.

Agosti

Vinasa sauti vimefungwa kwenye miti, vyote nje kidogo ya eneo, kandokando ya njia ambazo watu wanazipita siku zote, ili kwenda kubadilisha betri kusifungue njia mpya. Kila kimoja kimewekwa ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, kimefungwa kwa mpira mweusi kwenye mulombwa au msuku, juu kidogo ya kimo cha mtu.

Mipangilio imetuchukua mjadala mrefu. Wimbo wa kirukanjia huyu uko kati ya kilohezi 1 na 3 hivi, kwa hiyo kunasa kwa kiwango cha kilohezi 16, yaani kupima sauti mara 16,000 kwa sekunde, kunatosha na kubaki. Kwa kiwango hicho saa moja ya sauti hula megabaiti 115 hivi. Usiku wa saa 8 haufiki gigabaiti moja, na kadi ya gigabaiti 32 inaweza kukaa zaidi ya mwezi bila kuguswa. Kupunguza kiwango cha kunasa, kwa maneno mengine, ni kupunguza safari za kwenda msituni, na hilo ndilo tunalolitafuta. Kwa kweli betri ndizo zinazotuangusha: zile za bei nafuu za sokoni huisha kabla ya kadi kujaa nusu, na umeme wa mjini haueleweki kiasi cha kutegemea zile za kuchaji bila paneli ya jua.

Tumeviwekea saa za kuanza kuwa baada ya magharibi, na sababu si ndege peke yake. Sauti ya mtu iko ndani ya masafa yaleyale ya wimbo wa kirukanjia, kwa hiyo hatuwezi kuichuja moja na kuiacha nyingine. Mchana watu wanapita wakizungumza mambo yao, na hatuna haki ya kuyasikiliza. Usiku wanapungua, na sauti chache za watu zinazonaswa hukatwa kabla faili halijawekwa pamoja na mengine.

Kulikuwa na pendekezo la kutafuta mahali alipo ndege kwa kupima tofauti ya muda ambao sauti yake inavifikia vinasa mbalimbali. Kimsingi njia hiyo ni nzuri: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, kwa hiyo tofauti ya elfu moja ya sekunde ni sentimita 34 tu. Lakini inadai saa zinazokubaliana, na saa ya kawaida ya kielektroniki inayopotoka kwa sehemu mbili tu katika milioni hupoteza karibu sekunde 0.17 kwa siku moja, ambayo kwa mwendo wa sauti ni mita zipatazo 60. Vifaa vinavyorekebisha saa zake kwa GPS vipo, ila si vyetu. Tumechagua njia duni zaidi: kulinganisha ukubwa wa sauti. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Msituni hupungua zaidi. Ndege anayesikika kwa nguvu kwenye kinasa cha kaskazini na kwa shida kwenye cha mashariki tunajua angalau upande wake, na kwa kazi yetu upande unatosha, kwa sababu utakaomalizia ni mwonekano wa kamera.

Septemba

Miombo imetoa majani mapya, mekundu kama kutu, kabla ya tone la kwanza la mvua, na virukanjia wameanza kuimba kwa nguvu.

Usikilizaji tunaufanya kwa hatua mbili. Kwanza faili hupitishwa kwenye programu ya BirdNET, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz cha Ujerumani. Programu hiyo huikata sauti katika vipande vya sekunde 3 na kukipa kila kipande jina la ndege pamoja na kiwango cha uhakika. Kisha mtu hukaa na spektrogramu, yaani picha ya sauti, akihakiki. Hatua ya pili haiepukiki. Spika za mikesha ya maombi kutoka mitaa ya pembezoni hufika msituni zikiwa zimechujwa na umbali, na filimbi ya mwimbishaji, ikibaki peke yake, programu huipa jina la ndege bila haya yoyote.

Kinachojitokeza waziwazi ni mwezi. Siku za mwezi mchanga wimbo ni mfupi, muda mfupi baada ya magharibi na tena kabla ya mapambazuko. Mwezi ukipevuka wanaimba karibu usiku wote. Mtu anayehesabu ndege kwa sauti bila kuandika hali ya mwezi anahesabu mwanga, na takwimu zake hazitalinganishwa na za mwingine. Tunajua pia, kutokana na utafiti uliofanyika Zimbabwe katika miaka ya 1980, kwamba kirukanjia huyu hulinganisha kutaga na mwezi, mayai mengi yakitagwa karibu na siku za mwezi mpevu, pengine kwa sababu wazazi huona vizuri zaidi kukamata wadudu wanapohitaji chakula kingi. Hilo limetupatia kalenda: tunasikiliza kabla ya mwezi kupevuka ili kujua maeneo ya kila dume, tunapumzika, halafu tunakwenda na kamera baada ya mwezi kupevuka, wakati mayai, kama yapo, yameshatagwa. Kwa kuwa kuatamia huchukua takriban siku 18, nafasi si kubwa, lakini si finyu mno.

Kamera tunaitumia saa moja kabla ya jua kuchomoza, kutoka sehemu za kusimama zilizochaguliwa mwezi wa Julai. Tunaikagua picha polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nukta moja moja, tukiilinganisha na daftari la vichuguu. Nukta isiyomo daftarini huandikwa kwa umbali na kwa pembe ya dira kutoka tuliposimama. Nambari za GPS tunazoandika ni za mahali tulipo sisi. Za ndege haziandikwi. Hatufungi utepe wala hatuweki alama yoyote mtini.

Hapa ndipo ugumu halisi wa mradi ulipo, na nitaueleza kwa urefu. Nukta yenye joto juu ya majani haimaanishi kiota. Kirukanjia hukaa chini popote: dume aliyepumzika, jike asiye na mayai, ndege anayengoja giza, wote hutoa nukta ileile. Hata nukta inayokuwa mahali palepale asubuhi mbili mfululizo haithibitishi, kwa sababu ndege hao hurudia mahali pao pa kulala. Mtu wa mbinu za zamani angesogea akamrusha ndege na kutazama chini, na swali lingekwisha kwa dakika moja. Sisi tumejizuia, na kwa muda tulibaki na orodha ya "labda".

Jibu lilitoka kwa ndege wenyewe. Jike huatamia mchana, na jioni giza linapoingia huondoka kwenda kula, mara nyingi mwenzake akija kuchukua zamu. Baina ya kuondoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine mayai hubaki wazi kwa muda mfupi. Jioni moja ya ubaridi, tukiwa mita 30 kutoka kwenye nukta tuliyokuwa tumeiandika, ndege aliinuka, nukta ikatoweka angani, na pale alipokuwa amekaa zikabaki nukta mbili ndogo, zimegusana, kila moja ikiwa na pikseli mbili au tatu tu, zikipoteza mwanga polepole. Kwa macho ya kawaida hapakuwa na kitu isipokuwa majani. Dume akatua pembeni, akatembea hatua chache za kuyumbayumba, akazifunika. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi, alinishika mkono akaninong'oneza, "Yaya, ni mayai!" na kweli hapakuwa na maelezo mengine, maana kama lingekuwa joto la majani yaliyolaliwa na ndege lingebaki doa moja pana lenye umbo la tumbo lake, na sio nukta mbili zenye kingo.

Tangu jioni hiyo tunaita jambo hilo jaribio la mayai, na limekuwa sharti. Hakuna nukta inayoandikwa "kiota" kabla ya kupita jaribio hilo. Nukta nyingine tulizokuwa na imani nazo zimeshindwa: ndege aliondoka na pakabaki doa moja lililofifia kwa sekunde chache. Tumezifuta bila majuto, kwa sababu kila nukta iliyofutwa kwa mbali ni ndege ambaye hatukumtoa mahali pake bure.

Oktoba

Joto limepanda, na kamera imepoteza nusu ya uwezo wake. Magharibi ya Oktoba ardhi bado ina joto la mchana, mawe na udongo mtupu vina joto lilelile la mayai, na jaribio la mayai la jioni haliwezekani tena. Tumelihamishia alfajiri, wazazi wanapobadilishana tena kabla ya mwanga, wakati ardhi imepoa kadiri itakavyopoa. Kwa anayefikiria kuiga kazi hii mahali penye joto zaidi kuliko nyanda zetu za mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hili ndilo la kupima kwanza.

Moto pia umepita. Sehemu ya msitu iliungua usiku, kama inavyoungua karibu kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na kiota kimoja kilikuwa upande huo. Tulikagua kwa mbali asubuhi iliyofuata: ardhi yote ilikuwa inang'aa, magogo yakifuka, kamera haikuwa na msaada wowote. Vinasa sauti ndivyo vilivyotujuza kilichoendelea. Dume aliimba tena kutoka upande uleule kabla ya siku nyingi kupita, jambo ambalo linapatana na tabia ya ndege hawa ya kutoyakimbia maeneo yaliyoungua. Kama jike wake ametaga upya hatuwezi kujua mpaka mwezi mwingine upevuke.

Kwenye kiota kingine mayai yameanguliwa. Asubuhi nukta ilionekana pana kuliko kawaida, na jike alipojinyanyua kidogo kugeuka, chini ya kifua chake ikatokea nukta kali, kali kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu kinda halijapata manyoya ya kulizuilia joto. Ikarudi ndani. Baadaye zikatokea mbili. Siku zilizofuata kundi hilo la nukta lilihama mita moja, kisha nyingine, kuelekea kivuli cha msuku. Makinda ya kirukanjia huweza kutembea mapema, na mzazi huyaita kwa sauti ndogo akiwa amekaa mbele yao. Anayeandika kiota kama mahali pasipobadilika, kisha akarudi na kupakuta patupu, anaweza kuandika kwamba makinda yameliwa, kumbe yapo hatua chache pembeni. Kwa kufuata kwa mbali tumeona kuhama huko kukitokea, na hesabu yetu ya viota vilivyopotea itakuwa ndogo kwa sababu hiyo tu.

Tulizungumzia kuweka kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, karibu na makinda. Zile zinazotumia mwanga wa infraredi wa nanomita 940 hazitoi wekundu unaoonekana, tofauti na za nanomita 850, kwa hiyo ndege asingeshtuka sana. Lakini kuiweka kunahitaji mtu kufika mita chache kutoka kwenye makinda, kusafisha majani mbele ya lenzi, na kurudi kuitoa, na kamera yenyewe ni bidhaa ambayo mpita njia akiiona ataichukua. Tumeamua kutoitumia. Tunakosa kujua ni mnyama gani anakula mayai. Kwa swali tuliloanza nalo, hilo tunaweza kuishi bila kulijua.

Novemba

Mvua imeanza. Vyura wameziba masafa yote ya chini kwenye spektrogramu, matone yanagonga mifuko ya plastiki, na BirdNET sasa inatoa majina ya ndege wa mabara mengine. Majani mapya yamefunga mianya tuliyokuwa tukitazamia. Waokota uyoga wanaingia msituni kila asubuhi, na baada yao watakuja waokota viwavi. Hatuna tena sababu ya kuwepo, kwa hiyo tumevitoa vinasa sauti, tukipita njia zilezile za watu.

Mzee mchoma makala alituuliza kama tumempata ndege wetu. Tulimwonyesha picha ya zile nukta mbili. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema zinafanana na makaa mawili yaliyodondoka kwenye gunia. Ameahidi kwamba mwakani hatakusanya kuni kwenye zile sehemu tatu mpaka mvua, ikiwa sisi tutamwambia mapema ni ipi kati yao ina ndege. Tumekubali. Ni yeye peke yake, nje ya kikundi, atakayeambiwa.

Kwa msimu ujao tunahitaji mambo mawili. La kwanza ni kinasa sauti kimoja cha ziada upande wa magharibi, ambako nguvu ya sauti ilitupotosha kwa sababu ya bonde. La pili ni lenzi ya milimita 50 badala ya 35, ambayo ingeturudisha nyuma hadi mita 43 huku pikseli ikiendelea kufunika sentimita ileile moja. Bei yake imetufanya tuketi kimya kidogo. Betri zimetolewa kwenye vifaa ili zisivuje, kadi zimenakiliwa mara mbili na nakala ya pili iko nyumbani kwa mwenzetu mwingine, na daftari la vichuguu litaendelea kutumika, maana vichuguu havihami.